Neno Walilomnyang'anya Editha

Kirumba, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Skolastika,

Shikamoo. Na mama yetu mpe shikamoo yake, uiseme karibu na sikio la kulia, maana la kushoto najua lilishachoka na maneno ya dunia. Je, miguu yake bado inavimba? Kifua chako je, baridi ya Kasulu imekiachia? Shemeji bado anagombana na wanakwaya wake? Mimi mdogo wako nipo, nasimama, natembea, nakula. Ukiuliza habari za mwili wangu ni nzuri. Nyingine nazileta taratibu, tafuta mahali ukae.

Kwanza niruhusu nijisifu kidogo, unanijua. Hapa mwaloni, zinapotia nanga boti za samaki, ukishuka ukasema unamtafuta Mama Deo wa dagaa, hata mgeni aliyefika jana atakuonyesha. Dagaa wangu hawana mchanga. Wenzangu wanaanika chini, mimi natandika nyavu kuukuu juu ya miamba, na wanunuzi wanaovuka kwenda Kongo wanawajua dagaa wangu kwa kuwatia mdomoni tu. Siku hizi wamekuja wenye viwanda vya minofu, sangara wote wanapanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenye ziwa tunabakiziwa kichwa na mifupa tunakaanga na kuita mapanki. Lakini dagaa wangu hawajanichukulia bado.

Na Deo, yule uliyembeba mgongoni, yuko Butimba anasomea ualimu. Anatembea na kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu. Akija nyumbani Jumamosi namtuma dukani hata kama sihitaji kitu, ili watu wamwone anapita. Marehemu baba yake angelikuwepo angelia.

Sasa Editha. Uliniuliza kwenye barua yako mbona nimeandika habari za kila mtu, mpaka za magugu yaliyoziba ziwa, nikamruka Editha. Hukukosea. Nilimruka kwa sababu kila nikiandika jina lake kalamu ilikuwa inaandika matusi.

Wewe unajua alivyozaliwa na maneno yaliyosemwa. Alipochelewa kukaa wakasema mvivu. Alipochelewa kusema wakasema bubu. Alipoanza kusema, na maneno yenyewe mazito kama mtu mwenye uji mdomoni, wakasema zezeta, zuzu, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akasema nilikula kitu cha mwiko nikiwa na mimba. Nilikula nini mimi? Nilikula mihogo kama watu wote.

Tulipohamia hapa na kazi ya reli ya marehemu, nikampeleka hospitali kubwa. Nikamkuta daktari mzee, ana miwani ya kufungwa kwa uzi, akampa Editha ile mipira ya kusikilizia kifua aichezee. Akamwangalia muda mrefu, akamchezesha, akamwita huku na huku. Halafu akaniambia, "Mama, mtoto wako ni taahira. Hajarogwa, hana pepo, wala wewe hukukosea kitu. Akili yake inakwenda polepole. Lakini inakwenda."

Dada, sikuwahi kupewa zawadi kama ile. Nilimwomba alirudie lile neno. Nikalisema njiani nisije nikalisahau. Nyumbani nikamwambia marehemu, naye akalisema taratibu kama anaonja chumvi kwenye mboga, "Taahira. Basi ana jina." Maana ugonjwa wenye jina hospitalini si laana tena. Kuna watu wameuona kabla yako, kuna daktari aliyeuandika, na hakuna mama mkwe anayeweza kuufuta.

Nikatembea nalo neno lile kama mtu mwenye kitenge kipya. Mtu akisema mwaloni, "Mama Deo, huyu zezeta wako anakula dagaa wabichi," nasema, "Shika adabu yako. Si zezeta. Ni taahira, amesema daktari." Mama Sele, jirani yangu wa hapo nje kwenye kuanika, alikuwa mtu wa kwanza kulishika. Akawa anawaambia wengine kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa moyo, "Mpisheni huyo mtoto, ni taahira." Na walimpisha. Wabeba mizigo walimpisha. Muuza chai alimpoza chai yake kabla ya kumpa.

Ndipo shule yetu ya msingi hapa ikafungua darasa la watoto kama yeye, na juu ya mlango wakaandika kwa rangi ya bluu DARASA LA TAAHIRA. Nililia pale mlangoni, kwa furaha. Mwanangu naye ana mlango!

Asubuhi mstarini mwalimu mkuu alikuwa anaita madarasa, na kila darasa linaitika. "Darasa la kwanza!" Wanaitika. "Darasa la pili!" Wanaitika. Mpaka mwisho, "Taahira!" Na watoto wetu wanatakiwa waitike "Abee!" kwa pamoja, ndipo wanaingia. Wengine waliweza upesi. Editha hakuweza. Akiitwa anaangalia ndege.

Basi nikamfundisha mwenyewe. Tunachambua dagaa, naita "Taahira!" Nangoja. Akisema chochote nampa kipande cha sukari guru. Nilimfundisha masika, nikamfundisha kiangazi, masika nyingine ikaja. Watu walinicheka, "Mama Deo unaita mizimu." Siku aliyoinua kichwa mwenyewe akasema "Abee!" wazi kabisa kama kengele, nilimwaga beseni zima la dagaa mchangani, na sikuwaokota mpaka nimemkumbatia. Ndiyo nasema tena, dagaa wangu, mchangani! Ujue nilifurahi kiasi gani. Na Editha kitu akikijua amekijua. Hasahau. Hapo simsifu kwa kuwa ni wangu, mwalimu wake mwenyewe alisema.

Sisi mama wa lile darasa tukawashonea watoto sweta za kijani, na kifuani tukatarizi kwa uzi mweupe TAAHIRA, ili barabarani watu wawasaidie kuvuka na makonda wasiwasukume. Herufi zangu zilikuwa nzuri kuliko za wote. Sitasema uongo kwa unyenyekevu.

Hivyo ndivyo lilivyokuwa, dada. Sasa nikueleze walivyolinajisi.

Sijui nani alianza. Wengine wanasema ni vijana wa uwanja wa mpira. Mimi niliwasikia wabeba mizigo. Mmoja aliangusha tenga la sangara, mwenzake akamwambia, "We taahira nini?" Wakacheka. Nikafikiri ni yule mmoja tu, nikamsonya nikaendelea. Baada ya muda mfupi likawa kila mahali. Refa akikosea, taahira. Mzani wa mnunuzi ukipunja, "Mzani taahira huu." Fundi redio hapo mtaani alimwambia mteja, "Mama, redio yako nzima, betri ndiyo taahira." Betri, dada! Nilimuuliza yule fundi, "Betri yako nayo ilipelekwa kwa daktari?" Akaniuliza nataka betri ngapi.

Wanawake nao. Mama Sele, yule yule aliyekuwa akilisema kwa sauti ya chini, alimfokea mwanawe wa darasa la sita, mtoto mwenye akili zake timamu, "Nimekutuma chumvi umeleta sukari, taahira mkubwa!" Mimi nipo hapo. Akaniona. Akaziba mdomo. Akasema, "Mama Deo, samahani, si unajua, ni neno tu."

Nikamwambia, "Ndiyo. Na mimi nilikuwa nalo hilo moja tu."

Siku moja nilimshika mbeba mizigo mmoja, kijana mrefu, nikamwambia asirudie tena mbele yangu. Akanijibu kwa heshima kabisa, na heshima yake ndiyo iliyoniua: "Mama, mimi simsemi mwanao. Mwanao anaumwa, tunajua. Mimi namsema huyu mshenzi, huyu ndiye taahira." Nikamwonyesha sweta ya Editha, nikamwambia soma. Akasoma herufi moja moja. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, nani kamwandikia mtoto tusi kifuani?"

Umesikia hiyo? Nani kamwandikia. Nilirudi nyumbani sikula.

Mama wa wale watoto wengine wakaanza kufumua uzi. Ukipita shuleni unaziona sweta zina kivuli cha herufi, palipokuwa na uzi pamebaki kijani kibichi. Wengine wakaacha kuwaleta watoto kabisa, wamewafungia ndani. Mimi nilikataa. Nikasema neno ni letu, tulipewa na daktari, wao ndio walirudishe. Ndiyo, kiburi, unanijua. Editha akaendelea kuvaa.

Hata nyumbani kwangu liliingia. Deo alikuja Jumamosi, akawa anasikiliza mpira kwenye redio. Mtu akakosa goli la wazi, na mwanangu, mwalimu wangu wa kesho, akapiga goti kwa kiganja akasema kwa nguvu, "Taahira!"

Na Editha, anayechambua mchele mlangoni, akainua kichwa akasema, "Abee!"

Deo aligeuka mweupe, dada, mtoto mweusi kama yule. Akazima redio. Akatoka nje akakaa juu ya jiwe mpaka jua likazama. Sikumfuata. Nilikuwa sijui nimpige au nimbembeleze.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nilipaswa kujua kwamba hatari si kwenye sweta, hatari ni kwenye kuitika. Lakini niliona ni jambo la aibu tu, sikuona zaidi.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunashuka na mabeseni yetu, mimi mbele, Editha nyuma yangu, pale penye mteremko wa kuingilia mwaloni. Mikokoteni inashuka hapo na barafu ya viwandani, haina breki zaidi ya miguu ya anayeisukuma. Tulikuwa tumeshavuka, tuko pembeni salama. Mkokoteni mmoja ukaja kasi, mwingine ukawa umekaa njiani, na msukumaji wa nyuma akapiga kelele kumwambia yule wa mbele, "Toka njiani, we taahira! Taahiraaa!"

Nikasikia nyuma yangu, "Abee!"

Nilipogeuka alikuwa amekwisha kurudi katikati ya njia. Amesimama wima, mikono imenyooka kama mstarini, anamtazama aliyemwita, anangoja aambiwe aingie darasani. Anatabasamu, dada.

Yule msukumaji alijitahidi. Sitamsingizia. Aliukata mkokoteni pembeni, barafu ikamwagika yote, lakini gurudumu lilipita kwenye mguu wa kulia wa Editha, chini ya goti. Watu walijaa. Na katikati ya watu wale nikamsikia mmoja, sikuona uso wake, anasema, "Lakini na huyu naye, anasimama katikati ya barabara kama taahira."

Usiogope, mguu umeunga. Walimfunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, na wameshaifungua. Anachechemea kidogo, wanasema itaisha. Hospitalini safari hii nilimkuta daktari kijana, msafi, ana haraka. Nikamweleza mtoto ni taahira, ndiyo maana hakukimbia. Akakunja uso akasema, "Mama, neno hilo si zuri. Siku hizi tunasema ana mtindio wa ubongo."

Nikamuuliza, "Na hilo litadumu mpaka lini?"

Akasema hajanielewa. Nikamwacha. Nilipomwambia Deo hilo neno jipya alitazama chini, akasema, "Mama, vijana mtaani wameshaanza. Mtu akikosea wanamuuliza kama ana mtindio." Kumbe lilikuwa limeshatoka hospitalini kabla sijatoka mimi.

Mwalimu wa darasa lao alikuja kuniona. Mtu mwema, alileta ndizi. Akaniambia wanataka kufuta maandishi ya mlangoni, wazazi waje kwenye kikao wachague jina zuri. Nikamwambia waandike watakalo. Waandike hata Darasa la Malaika, vijana wa mwaloni wataambiana malaika siku betri ikiisha. Alicheka, halafu akaona mimi sicheki.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha kuandika.

Nilisema moyoni, siwezi kuwafunga watu wa Mwanza nzima midomo. Basi nimfundishe mwanangu asiitike. Nilivyomfundisha kuitika ndivyo nimfundishe kunyamaza, maana siku nyingine haitakuwa mkokoteni, itakuwa lori. Hogo lilipofunguliwa tukaanza. Tunachambua dagaa, naita "Taahira!" Anasema "Abee!" na kunyoosha mkono apewe sukari guru. Simpi. Anangoja. Mkono umenyooka. Naita tena. "Abee!" kwa nguvu zaidi, anadhani sikumsikia.

Kumnyima hakukutosha. Hakuelewa. Basi nikaanza kuliita kama wanavyoliita wao. Kwa sauti ile, dada, ya kufoka, na macho ya kufoka. Mimi, mama yake, niliyelibeba neno lile njia nzima kutoka hospitali nisije nikalimwaga, nikamtukana nalo mwanangu ndani ya nyumba yangu. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alinitazama mdomo. Halafu akawa anaitika kwa sauti ndogo, "Abee?" kama anauliza. Nilipaswa kuacha hapo. Lakini nilikuwa naona lile gurudumu, nikaendelea. Kila siku, tukishamaliza dagaa, nakohoa kwanza, halafu naita.

Jana mchana niliita. Akanyamaza.

Mikono yake iliendelea kuchambua, kichwa hakuinua. Nikaita tena, kwa ukali wote nilionao. Kimya. Nikasema moyoni, ameweza! Mwanangu ameweza, aliyesema akili yake haiendi aje aone! Nikachukua kipande kikubwa cha sukari guru, nikamwita kwa furaha, "Editha!"

Akanyamaza.

"Editha, mama yangu. Editha!"

Akazidi kuinamisha kichwa, kama mtu anayengoja mvua ipite. Nikamwekea sukari guru mkononi. Akaishika, hakuila, mpaka ikamyeyukia vidoleni.

Leo hivyo hivyo. Kanisani Mama Sele alimwita kwa jina, kimya. Deo amekuja mahsusi kutoka Butimba, amemwita, amemchekesha, amemwimbia, kimya. Anatusikia. Anajua nani anaita. Lakini amejifunza kwamba sauti ya mtu ikimwita ni ya kunyamaziwa, na wewe nimeshakuambia, Editha kitu akikijua amekijua.

Basi dada, sikuombi dawa, wala maombi, ingawa ukiomba sitakuzuia. Nakuomba uje. Treni ya Kigoma ikikufikisha Tabora ubadilishe ya huku, Deo atakupokea stesheni na kalamu zake mbili, utamjua. Sauti yangu nimeiharibu mwenyewe. Ya Deo limo ndani yake lile neno. Za watu wa hapa zote limo. Yako hajaisikia tangu akiwa wa kubebwa, na haijamwita kitu kingine chochote zaidi ya jina lake. Ukifika usinisalimie mimi kwanza. Simama mlangoni, umwite Editha, usubiri. Hata akikaa kimya siku nzima, wewe usubiri tu. Anakwenda polepole.

Msalimie shemeji, mwambie waimbaji wasiokuja mazoezini awasamehe, njaa inazuia sauti. Msalimie mjomba wetu mwenye mashine ya kusaga, na mkewe anayenidai kanga, mwambie sijaisahau. Wasalimie wanao wote, hasa yule wa mwisho aliyeingia sekondari, hongera yake, ingawa Deo wangu alimtangulia. Mama yetu usimsomee habari ya mkokoteni. Mwambie tu Editha amekua mrefu kunipita, na hilo ni kweli.

Nakungoja.

Mdogo wako,
Konsolata, Mama Deo